Sala Kando ya Sigiri: Namna ya Kuishi Imani Nyumbani Umri wa Kati Unapoleta Mabadiliko

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyevuka miaka 40, ambaye bado anakwenda kanisani Jumapili au msikitini Ijumaa kama alivyozoea, lakini akirudi nyumbani na kufunga mlango hukuta kwamba sala haimtoki tena, na kazi za nyumba alizozifanya kwa moyo mweupe miaka ishirini zimegeuka mzigo asiojua anambebea nani. Huhitaji elimu ya dini ili kuufuata, wala huhitaji fedha. Unahitaji nyumba unayoishi, kazi zake za kila siku, na utayari wa kusema kweli.

Kwetu Uganda, ambako takriban nusu ya watu wote hawajatimiza miaka 18, mtu wa miaka 45 tayari ni mzee. Watoto humtazama awalipie karo, wazazi humtazama awapeleke hospitali, na ukoo humtazama katika kila msiba na kila sherehe ya kutambulishana. Na kwa kuwa wote wanamwegemea, hakuna anayefikiria kumuuliza kama yeye mwenyewe yu mzima rohoni. Qurani, katika Sura ya Al-Ahqaf, aya ya 15, inautaja umri huu waziwazi: mtu anapofikia utu uzima wake na kutimiza miaka 40, humwomba Mola wake amwezeshe kushukuru neema aliyojaliwa yeye na wazazi wake, na amtengenezee kizazi chake. Mimi ni Mkristo, na aya hiyo nilionyeshwa na jirani yangu Hajati, tukiwa tumekaa kibarazani kwake hapa Walukuba, Jinja. Wazazi upande mmoja, watoto upande wa pili, na mtu mmoja katikati anayeomba nguvu ya kushukuru: sijapata maelezo ya kweli zaidi kuhusu maisha ya umri huu.

Niliyafikia haya kwa njia ngumu. Ndani ya mwaka mmoja mume wangu aliachishwa kazi katika kiwanda alichokitumikia miaka 19, mtoto wetu wa mwisho alianza sekondari ya bweni, na mama mkwe wangu aliletwa kutoka Tororo baada ya kiharusi kumpooza upande mmoja. Mwili wangu nao ulikuwa umeanza kubadilika. Nilidhani dawa ni kuongeza ibada, kwa hiyo nilifunga, nilikesha, nilijiunga na vikundi viwili vya maombi, na kila niliporudi nyumbani nilikuta ukavu uleule ukiningoja mlangoni. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba nilikuwa namtafuta Mungu kila mahali isipokuwa pale ninapoutumia muda wangu mwingi wa siku.

Anza kwa kutaja kilichokwisha

Kabla ya kutafuta maana mpya, taja kwanza kilichoondoka. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu wanaogopa kuonekana hawana shukrani, na ndiyo maana maombi yao hukauka, kwa kuwa mtu hawezi kumficha Mungu jambo kubwa kuliko yote lililo moyoni mwake kisha akazungumza naye vizuri kuhusu madogo.

Katika Biblia, Naomi aliporudi Bethlehemu akiwa amefiwa na mume na wana wawili, wanawake wa mji walipomlaki aliwaambia wasimwite tena Naomi, bali wamwite Mara, kwa kuwa Mwenyezi alikuwa amemtenda mambo machungu. Alisema hivyo mbele ya mji mzima, na hakuna aliyemkemea. Kitabu cha Ruthu kinaendelea tu kutuambia kwamba walifika mwanzoni mwa mavuno ya shayiri, na riziki yake ikaanza kuletwa nyumbani kidogo kidogo, kwa vipimo vya nafaka alivyookota mkwewe shambani.

Sisi tunajua kuomboleza. Mtu akifariki tunakaa matanga, na baadaye, kwa desturi ya Baganda na majirani zao wengi, hufanywa sherehe ya kumaliza msiba, ile inayoitwa lumbe, ambamo mrithi wa marehemu husimamishwa mbele ya ukoo. Lakini kazi inapokufa, au tumbo la uzazi linapofunga, au nyumba inapobaki bila watoto, hatuna turubai la kusimamisha wala wageni wa kukaa nasi. Mtu huamka kesho yake akatarajiwa aendelee kana kwamba hakuna kilichozikwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua daftari la kawaida, ukae mahali penye utulivu wakati wa jioni, na uandike kila kitu kilichokwisha katika miaka hii michache, kimoja kwa mstari mmoja, kwa maneno ya wazi: mshahara wa kila mwisho wa mwezi, kelele za watoto wakitafuta soksi asubuhi, uwezo wa kuzaa, nguvu ya kwenda sokoni na kurudi kwa miguu, mzazi aliyekuwa akinishauri na sasa hanitambui. Kisha soma orodha hiyo kwa sauti mbele za Mungu, polepole, bila kuharakisha kuongeza neno la shukrani mwishoni mwa kila mstari. Shukrani itakuja kwa wakati wake, na ikiharakishwa huwa ni njia ya kumfunga mtu mdomo. Rudia jioni tatu au nne, kwa sababu jioni ya kwanza hutaja yale ya juu tu.

Baada ya hapo, fuata lumbe mpaka mwisho: tafuta mrithi. Kando ya kila kilichokwisha andika kitu kidogo ambacho kinaweza kushika nafasi yake. Mrithi hawi marehemu, na hakuna anayemtarajia awe. Yeye hushika mkuki na kibuyu ili nyumba isibaki wazi. Dakika 40 nilizozitumia kila asubuhi kumwandaa mtoto kwenda shule hazikuweza kurithiwa na mtoto mwingine, bali zilirithiwa na mama mkwe wangu, ambaye alihitaji kugeuzwa, kuoshwa na kuzungumziwa. Siku nilipoliandika hilo katika daftari, kumwosha kuliacha kuwa usumbufu uliozuka. Kulikuwa kumepata mahali pake.

Usiombee kinachohitaji daktari

Jambo hili nalitaja kwa kifupi, lakini ni zito. Nabii Eliya alipokata tamaa jangwani na kuomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, na ndipo baadaye akaisikia sauti ndogo ya utulivu. Mwili ulitangulizwa.

Kukoma hedhi kwa kawaida hutokea kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa kuwa kumetimia baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Katika kipindi hicho joto la ghafla, kukosa usingizi, hasira za haraka na machozi yasiyo na sababu ni mambo ya kawaida, na mwanamke asiyeyajua huweza kuyaita shambulio la shetani au udhaifu wa imani. Nenda kituo cha afya ueleze, na damu ikirudi baada ya ile miezi 12 usingoje hata wiki moja, nenda hospitali. Wanaume nao wapimwe shinikizo la damu na sukari, hasa wale wanaosema hawajaumwa tangu utoto. Na huzuni ikimkaa mtu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, akapoteza hamu ya kula na ya kuonana na watu, au akaanza kufikiri kwamba ni heri asiwepo, hiyo ni hali ya kutibiwa: hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na Butabika, Kampala, ndiyo hospitali ya taifa kwa magonjwa hayo. Kumeza dawa hakupunguzi imani ya mtu.

Funga sala moja kwenye kazi moja

Hapa ndipo kiini cha mwongozo huu kilipo, na ndipo ninapoomba msomaji asiwe na haraka.

Chagua kazi moja ya nyumbani ambayo tayari unaifanya kila siku, inayoishughulisha mikono lakini inayoacha akili huru, na uiambatanishe na sala moja fupi. Usitafute saa mpya katika siku, kwa sababu mtu wa umri huu hana saa ya ziada, na ibada inayodai saa asiyokuwa nayo humwongezea hatia tu. Kazi yenyewe itakuwa kengele yako. Kuwasha sigiri kunafaa sana, kwa kuwa makaa yakishawashwa hayaharakishwi. Kuna muda wa kuyapepea na kuyangoja yakolee kabla ya kuteleka chochote. Kuchota maji na kungoja jerikeni lijae bombani, kuchagua mawe katika maharage, kupiga pasi nguo za kanisani, kukanda miguu ya mgonjwa, kufagia uwanja kabla jua halijapanda, zote zinafaa. Kazi inayohitaji hesabu au mazungumzo haifai, na simu iwe mbali.

Sala iwe fupi kiasi cha kutamkwa kwa pumzi moja au mbili. Mkatoliki anaweza kuchukua Salamu Maria moja ya rozari. Mwanglikana ana sala za asubuhi anazozijua tangu utoto, achukue sentensi moja tu. Mwislamu anayo bismillahi ya kuanzia, na tasbihi ambayo mikono iliyojaa sabuni haiwezi kuizuia, kwa kuwa ulimi hauhitaji kunawa ili umkumbuke Mola. Mimi nilichukua ombi la Zaburi ya 90, kwamba Mungu atufundishe kuzihesabu siku zetu ili tupate moyo wa hekima, nikalifunga kwenye kuwasha sigiri, na sikuongeza jambo jingine lolote kwa siku 40. Ukiruka siku, usilipe deni. Kesho yake washa moto na uanze palepale.

Wiki ya kwanza utajihisi unaigiza. Wiki ya pili akili itazurura, na utajikuta umefika kwenye karo huku midomo ikisema zaburi. Usijigombeze, irudishe akili kwa upole kwenye mikono yako, kwenye makaa, kwenye moshi. Mimi ilikuwa katika wiki ya tano ambapo, siku moja ya mvua za Aprili, makaa yakiwa yamelowa na yakikataa kushika, nilijikuta nimeketi pale kwa utulivu ambao sikuwa nimeuona tangu mwaka ule mbaya uanze. Hakuna kilichokuwa kimetatuliwa. Lakini sikuwa peke yangu jikoni, na nililijua hilo kama mtu anavyojua kwamba kuna mtu chumba cha pili hata kabla hajakohoa.

Sala ya kwanza ikishazoeleka, unaweza kuongeza ya pili, nayo iwe ya kuwaombea wengine. Ya kwangu niliifunga kwenye kumenya matoke. Kwa kila ndizi ninayoimenya namtaja mtu mmoja. Zamani nilimenya nyingi na majina ya watoto, wajomba na shangazi yalitosha; nyumba ilipopungua, ndizi zilipungua pia, nami nikaona majina yamezidi ndizi. Badala ya kuwaacha watu, nilianza kutaja wawili kwa ndizi moja, na katika kuwatafuta wawili-wawili hao niliingiza watu ambao sikuwa nimewaombea kamwe: mama anayeuza dagaa wa mukene kwenye njia ya kwenda Masese, kijana wa boda boda aliyevunjika mguu, na msimamizi aliyetia sahihi barua ya kumwachisha mume wangu kazi. Jina hilo la mwisho lilinichukua miezi kulitamka bila kisu kutetemeka mkononi.

Wapo watakaosema kwamba hii ni dini ya wanawake na ya jikoni. Nawaelekeza kwa mtu wa hapa kwetu Busoga. Matia Mulumba alizaliwa Busoga, akachukuliwa mateka Buganda akiwa mtoto, akakulia huko hadi akapewa uongozi. Alikuwa mtu mzima mwenye cheo na wake wengi alipokuwa bado anatafuta. Aliupitia Uislamu, akajifunza kwa Waprotestanti, na hatimaye akabatizwa Mkatoliki mwaka 1882, akiwa katika miaka yake ya arobaini. Imani yake ilionekana kwanza katika nyumba yake, ambako alibaki na mke mmoja na kuipanga upya kaya yake yote, miaka minne kabla ya kuonekana katika kifo chake cha Mei 1886. Tarehe 18 Oktoba 1964 alitangazwa mtakatifu pamoja na wenzake, mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani. Tunapokwenda kuhiji Namugongo kila tarehe 3 Juni tunazungumzia sana jinsi mashahidi walivyokufa, na hiyo ni haki yao. Lakini kwa mtu wa umri wa kati naona ile miaka minne ya kuipanga nyumba ina mengi ya kufundisha.

Kazi isiwe ya mmoja

Lazima niseme jambo ambalo wahubiri wengi hulikwepa. Kumwambia mama mwenye kazi nyingi kupita kiasi kwamba kila kazi yake ni ibada kunaweza kuwa ukatili, ikiwa maneno hayo yanawasaidia wengine waendelee kukaa. Kama nyumbani kuna watu watatu wenye nguvu na mmoja tu ndiye anayechota, anayepika, anayefua na anayemhudumia mgonjwa, gaweni kazi kwanza, ndipo mzungumze kuhusu utakatifu wake.

Tena mwanamume aliyepoteza kazi anaihitaji kazi ya nyumbani kwa ajili ya roho yake mwenyewe. Mume wangu alikaa miezi mingi chini ya mfenesi na redio yake, akisikiliza habari zilezile, akiona aibu kupita katikati ya uwanja mchana kwa kuwa wanaume wengine walikuwa kazini. Sikumlazimisha. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba ampikie mama yake uji wa wimbi kila asubuhi, kwa sababu mimi nilikuwa namwosha na uji ulikuwa ukichelewa. Alikubali kwa ajili ya mama yake. Baada ya muda nilimsikia akisema Baba Yetu kwa lugha ya kwao huku akikoroga, na bibi kitandani akimwitikia kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki na nguvu. Majirani walisema waliyosema. Hajati, yeye, alimwita kando akamsimulia kwamba Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Mume wangu si Mwislamu, lakini maneno hayo aliyatunza.

Ukitaka kumwita mwanamume arudi katika maisha ya nyumba, basi, mpe kazi moja iliyo yake kabisa, yenye mtu anayeitegemea, na usimsahihishe namna anavyoifanya. Uji ulikuwa na madonge wiki nzima. Nilinyamaza.

Kuomba msamaha ndani ya nyumba

Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza Joe Church, wakakaa siku mbili pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Kutoka hapo, na kutoka Gahini nchini Rwanda alikofanya kazi Church, uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ulienea Afrika Mashariki yote. Ninachowapendea wazee wale ni kwamba toba yao haikuishia mimbarani. Walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni madogo yaliyosahaulika, na mume na mke waliambiana makosa yao kwa kuyataja, jambo waliloliita kutembea nuruni.

Umri wa kati ni wakati unaofaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa watoto sasa ni wakubwa kiasi cha kukumbuka tulichowatendea, na wazazi bado wapo kiasi cha kusikia. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Chagua kosa moja, la kweli, lenye tarehe au mahali, wala usiombe msamaha wa jumla unaosema kama nimewahi kukukosea. Mwendee mtu huyo anapokuwa na nafasi, si wakati wa chakula na si mbele ya wageni. Litaje tendo lenyewe, sema kwamba lilikuwa baya, na unyamaze. Usieleze sababu, maana sababu ikitangulia hugeuka utetezi. Usimwombe akujibu siku hiyohiyo, na usitumie andiko kumbana akusamehe.

Kwa mila zetu jambo hili ni gumu zaidi mzazi anapomwendea mtoto. Sisi ndio tunaopigiwa magoti, na mama anayemwomba radhi mwanawe huonekana kama ameshusha heshima ya nyumba. Mimi nilimwendea kijana wangu mkubwa kwa sababu ya siku moja alipokuwa na miaka 13, nilipomtukana mbele ya wenzake kwa kufeli mtihani. Nilimwambia, “Baba, siku ile nilikuaibisha, na haikuwa haki.” Alitazama chini kwa muda mrefu, akasema, “Sawa, mama,” akatoka. Zikapita wiki tatu. Kisha akaanza kunipigia simu siku za Jumapili jioni, bila kuwa na haja ya fedha wala ujumbe, akiuliza tu tumekula nini. Kuheshimiwa kwangu hakukupungua, ila sasa kuna ukaribu ambao heshima peke yake haikuweza kuuleta.

Fedha, na wale wanaoahidi mengi

Kipato kinapopungua, mtu wa imani hushawishika kwa njia mbili, na zote nimeziona hapa mtaani. Ya kwanza ni kukimbilia akiba. Sheria ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda) iliyorekebishwa mwaka 2022 inamruhusu mwanachama aliyetimiza miaka 45 na kuchangia kwa angalau miaka 10 kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake, badala ya kungoja hadi miaka 55. Ni haki yake, lakini asiichukue katika mwezi wa majonzi, ili tu ajihisi ana mamlaka tena. Kwanza akae na mwenzi wake, waandike fedha hiyo itakwenda wapi hadi shilingi ya mwisho, ndipo waamue. Ya pili ni kuitoa karo, au kukopa, ili “kupanda mbegu”, yaani kutoa sadaka, kwa mtu anayeahidi kwamba kazi mpya itashuka ndani ya siku saba. Sadaka hutolewa katika kile mtu alicho nacho. Mjane wa Injili alitoa senti zake mbili mwenyewe, hakukopa, na hakuna aliyemwahidi kurudishiwa.

Mtafute mwenzako mmoja

Huwezi kuyashika haya peke yako kwa muda mrefu, lakini pia huhitaji umati. Tafuta mtu mmoja au wawili wa rika lako, katika jumuiya ndogo ndogo ya parokia, katika Umoja wa Akina Mama, katika darsa la msikitini, au hata jirani wa dini nyingine mwenye moyo wa kweli, na mkubaliane kukutana mara moja kwa juma mkiwa na kazi mikononi. Mimi na Hajati huchambua mboga za dodo na nakati siku za Jumatano. Tunaulizana swali moja tu: juma hili, ni wapi nyumbani mwako ulipohisi kwamba Mungu yupo, na ni wapi ulipohisi hayupo? Sehemu ya pili ya swali ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu ya kwanza tu ikiulizwa watu huanza kushindana. Hatupeani ushauri mpaka uombwe. Mara nyingine anayeulizwa hujibu kwa kunyamaza, na mboga huendelea kuchambuliwa.

Siku ambazo maneno hayaji kabisa

Siku hizo zitakuwepo, hata baada ya mwaka. Mgonjwa atakuwa amekesha akilia, barua ya shule itakuwa imekuja, na zaburi itakaa kinywani kama majivu. Usibadilishe sala siku hiyo, na usitafute kitabu kipya wala kikundi kipya. Toka nje kabla watu hawajaamka, panga makaa, washa, chukua ungo au kifuniko cha sufuria na upepee bila kusema lolote, mpaka wekundu ushike pande zote. Kisha teleka uji.